Kufuga kaa na kamba wa bahari ya baridi nyumbani: mwongozo kwa anayeanza

Kila majira ya joto yakikaribia, maswali ni yale yale. Hita iwe ya nyuzi ngapi? Kaa wangu amelala chali, amekufa? Naweza kuwaweka kaa na kamba pamoja? Wengi wanaouliza wanaishi Uingereza, Ireland, Uholanzi au Skandinavia. Wameenda ufukweni na watoto, wamegeuza jiwe, wamemkuta kaa wa kijani, na sasa mtoto hataki kuondoka bila huyo kaa. Nimeyakusanya majibu hapa ili asiyejua aanze vizuri, na kaa naye aishi.

Swali la hita ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo nalijibu kwanza: hita huihitaji. Kinachowaua wanyama hawa majumbani ni joto. Bahari inayozunguka Uingereza huwa na nyuzi 6 hadi 10 hivi wakati wa baridi, na 15 hadi 18 majira ya joto, huku sebule ya kawaida ikiwa na nyuzi 20 au zaidi mwaka mzima. Lita moja ya maji ya bahari yenye nyuzi 10 hubeba karibu miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 25, inabeba chini ya 7. Na joto hilo hilo linalopunguza oksijeni linaufanya mwili wa kaa uidai zaidi. Kwa nadharia, hayo yanatosha.

Kama unasoma ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja, usiwachukue kaa wa kwenu ukawaweka kwenye tangi la baridi la namna hii. Wamezoea nyuzi 25 hadi 30, na maji ya nyuzi 13 yatawaua.

Nani wa kufuga, nani wa kumwacha baharini

Kaa wa kijani wa pwani, Carcinus maenas, ndiye mvumilivu kuliko wote. Anazoea mabadiliko ya joto na ya chumvi ambayo wenzake hawayawezi. Lakini ni jambazi: anakula konokono, kome, kamba, samaki mdogo aliyelala, hata kaa mwenzake aliyetoka kujivua gamba. Akiingia yeye, tangi ni lake peke yake.

Kamba wadogo wa kwenye vidimbwi vya miambani, Palaemon elegans na Palaemon serratus, ndio ninaowapendekeza kwa mtu wa mara ya kwanza. Mwili wao ni angavu, unaweza kuona hadi ndani, wanatembea mchana mbele ya macho yako, na wanapenda kuwa kundi. Weka sita hadi kumi. Unaweza kuwachanganya na Pagurus bernhardus, yule kaa anayeishi ndani ya gamba la konokono aliyekufa, mradi awe mdogo.

Waache kabisa hawa wawili: kamba-mawe wa Ulaya, Homarus gammarus, na kaa mkubwa wa kuliwa, Cancer pagurus. Mtoto wao anapendeza, lakini Cancer hupita sentimita 20 kwa upana, na kamba-mawe anahitaji tangi ambalo wengi wetu hatuna pa kuliweka.

Onyo la sheria. Watu wanavutiwa sana na kamba wa mitoni wenye magando makubwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1143 ya mwaka 2014 inakataza kufuga, kuuza na kusafirisha viumbe vamizi vilivyo kwenye orodha yake, na tangu orodha ya kwanza ya 2016 wamo Procambarus clarkii mwekundu, Pacifastacus leniusculus, kamba wa madoadoa anayezaa bila dume, na kaa wa China mwenye manyoya kwenye magando, Eriocheir sinensis. Uingereza nako kamba hawa wa mitoni wana masharti makali. Sheria hii ina sababu. Procambarus huyo aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, akala mimea ya majini, na hadi leo hajatoka. Baki na wanyama wa ufukwe wako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tangi la kioo la sentimita 80 kwa 40 kwa 40, ambalo ni lita 128 likijaa hadi ukingoni. Dogo zaidi ya hapo linapata joto upesi na kuchafuka upesi. Ukijumlisha maji, mawe na kioo chenyewe unapita kilo 150, kwa hiyo meza ya chai haifai.
- Mashine ya kupoza maji. Hiki ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote, na ndicho watu wanachojaribu kukikwepa. Nunua iliyoandikiwa tangi kubwa kuliko lako, maana ndogo itafanya kazi bila kupumzika na kufa mapema.
- Filta ya nje yenye nguvu ya kuzungusha maji yote angalau mara tano kwa saa.
- Pampu ya hewa na jiwe la hewa, pamoja na pampu ndogo ya betri ya akiba kwa siku umeme ukikatika.
- Chumvi maalumu ya matangi ya bahari. Chumvi ya jikoni haina kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ambayo kaa anayatumia kujenga gamba. Hata chumvi ya mawe haifai.
- Kipimajoto, kifaa cha kupimia chumvi (rifraktomita ni bora kuliko haidromita ya plastiki), na vipimo vya amonia, nitriti na nitreti.
- Mchanga, mawe ya ukubwa mbalimbali, na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia.
- Kifuniko kinachofunga kweli, chenye kitu kizito juu. Kaa hupanda mpira mwembamba wa pampu ya hewa na waya wake hadi nje. Utamkuta chini ya kochi amekauka.
- Ndoo mbili ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni, na zisiguswe kamwe.

Hatua kwa hatua

1. Chagua chumba kwanza. Tafuta chumba chenye baridi kuliko vyote nyumbani: cha upande wa kaskazini, cha chini ya ardhi, au ukumbi usio na hita. Tangi lisikae karibu na dirisha linalopigwa na jua. Mashine ya kupoza inalitoa joto kwenye maji na kulipuliza chumbani, kwa hiyo ukiifungia ndani ya kabati itavuta hewa yake yenyewe ya moto na kazi haitaenda. Acha nafasi pande zote. Pia jua kwamba kioo kitatoa jasho maji yakiwa baridi sana kuliko chumba. Maji hayo yanateremka hadi kwenye mbao na soketi. Soketi iwe juu ya usawa wa tangi, au waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone lidondoke sakafuni.

2. Panga mawe kabla ya mchanga. Mawe makubwa yakae juu ya kioo cha chini chenyewe, ukitanguliza karatasi nyembamba ya plastiki ukipenda, kisha mchanga uyazunguke kwa kina cha sentimita nne au tano. Ukianza na mchanga, kaa atachimba chini ya jiwe na jiwe litamwangukia. Kila mnyama awe na pango lake, na la ziada moja.

3. Changanya maji ya bahari. Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Kama mabomba ya nyumba yako ni ya shaba, yaache maji yatiririke kidogo kabla ya kukinga, au tumia maji yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi. Pima gramu 35 za chumvi kwa lita, yaani kilo tatu na nusu kwa lita 100. Chumvi iingie kwenye maji, usimwage maji juu ya chumvi. Koroga kwa pampu hadi siku ya pili, kisha pima uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi: kifaa cha kupimia chumvi kisome 1.024 hadi 1.026. Mara hii ya kwanza unaweza kuchanganyia ndani ya tangi. Wakiwemo wanyama, kamwe.

4. Liendeshe tangi likiwa tupu. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoua zaidi. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitreti, hawapo kwenye tangi jipya. Lazima uwasubiri waote ndani ya filta. Tia kipande kidogo cha nyama ya kome kioze, au amonia ya chupa isiyo na manukato wala sabuni, kisha pima kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda na kushuka, nitriti itapanda na kushuka. Zote mbili zikisoma sifuri siku moja baada ya kuongeza amonia, liko tayari.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: bakteria hawa ni wavivu kwenye baridi. Ukianza na nyuzi 12, unaweza kungoja miezi mitatu. Kwa hiyo usiwashe mashine ya kupoza bado. Acha maji yabaki na joto la chumba, nyuzi 20 hivi, na kazi itakwisha kwa wiki nne hadi sita.

5. Sasa teremsha joto. Washa mashine na ushushe nyuzi moja au mbili kwa siku hadi ufike 12 au 14. Pima amonia tena kwa wiki nzima, kwa sababu bakteria nao wanapunguza kasi. Ikionekana tena, subiri.

6. Watafute wanyama wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali zaidi. Kalenda unayoijua ya mwezi mpya na mwezi mpevu inafanya kazi huko pia, na kwenye mlango wa mto Severn, Uingereza, tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika karibu mita 14, kwa hiyo usicheze na saa: ingia maji yakiwa bado yanatoka, toka kabla hayajageuka. Uliza kwanza kama ufukwe huo ni wa hifadhi. Kila jiwe unaloligeuza lirudishe kama ulivyolikuta, upande ule ule juu, maana chini yake kuna wengine wanaoishi gizani.

Chukua wadogo. Kaa wa sentimita tatu anatosha. Mtazame tumboni: dume ana mkia mwembamba wa pembe tatu, jike ana mpana wa mviringo. Mwenye mayai, ambayo ni punje punje kama mtama, mwache. Ukiona kitu laini cha manjano kimevimba chini ya mkia, bila punje, hicho si mayai. Ni kimelea kiitwacho Sacculina carcini, na huwapata hata madume. Huyo naye mwache.

Kaa asafiri ndani ya sanduku la baridi, juu ya mwani uliolowa, bila maji. Watu wanashangaa, lakini maji machache ndani ya ndoo huishiwa oksijeni upesi, ilhali kaa anapumua vizuri matamvua yake yakiwa na unyevu tu. Kamba ni tofauti: lazima asafiri ndani ya maji, na pampu ya betri ikipuliza.

7. Wazoeshe polepole. Mweke mgeni kwenye ndoo pamoja na maji aliyotoka nayo. Wa kwenye mwani mtilie maji kiasi ya ufukweni uliyoyachota. Chukua mpira mwembamba wa hewa, ufunge fundo legelege, na uache maji ya tangi yadondoke ndani ya ndoo matone mawili au matatu kwa sekunde. Saa moja hadi mbili. Kisha mhamishe mnyama peke yake, maji ya ndoo uyamwage. Kamba hawavumilii kabisa mabadiliko ya ghafla ya chumvi.

8. Lisha kidogo. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha kwa kaa. Kipande cha kome, ngisi au samaki mweupe kisichozidi ukubwa wa gando lake, bila chumvi, limau wala viungo. Kwa kamba, ponda kiasi cha kucha. Tia mwani pia. Kaa wa kijani anautafuna. Kilichobaki baada ya saa chache kitoe. Kwenye baridi mmeng'enyo unakwenda taratibu, na chakula kingi ndicho chanzo cha matangi mengi kuoza.

9. Kazi ya kila wiki. Badilisha maji asilimia 10 hadi 15, yaliyochanganywa jana na kupozwa mpaka yakaribiane na ya tangi. Maji yaliyopungua kwa mvuke yajazie kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Sponji ya filta isuuze ndani ya ndoo ya maji ya tangi, siyo chini ya bomba, usije ukawaua bakteria uliowasubiri wiki sita.

Sumu mbili ambazo ziko nyumbani mwako

Ya kwanza ni shaba. Dawa nyingi za kutibu samaki zina shaba ndani yake, na kiasi kinachomponya samaki kinamuua kamba. Soma kibandiko kabla ya kutia chochote, na usiweke sarafu wala pambo la chuma kwenye tangi.

Ya pili ni dawa ya wadudu. Kaa na kamba ni ndugu wa karibu wa wadudu, na dawa ya kupuliza mbu au mende huwaua vivyo hivyo. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja majini. Usipulize dawa chumba chenye tangi. Udi na marashi ya kupuliza yabaki chumba kingine. Kama una paka au mbwa aliyepakwa dawa ya viroboto, nawa mikono hadi kiwiko kabla ya kuingiza mkono majini, na suuza sabuni yote.

Siku anapojivua gamba

Hapa ndipo wengi wanapompoteza mnyama aliyekuwa mzima. Gamba la kaa halikui, kwa hiyo lazima alivue ili aongezeke. Siku kadhaa kabla anaacha kula, anajificha, anakuwa mzito wa kutembea. Halafu gamba linafunguka nyuma, kati ya mgongo na mkia, naye anatoka kinyumenyume, macho, miguu na magando vyote vikichomoka kutoka kwenye magamba yake. Kaa mdogo hufanya hivi mara nyingi kwa mwaka. Mkubwa mara chache.

Unaamka asubuhi na kumkuta amelala chali bila kujongea. Usimtupe. Angalia macho: ya gamba tupu ni angavu, unaona hadi upande wa pili. Angalia ufa wa nyuma. Kinyanyue: gamba ni jepesi, na halinuki. Maiti ya kaa inanuka vibaya sana, hutakosea.

Mwenyewe atakuwa amejificha, laini, hawezi kujitetea. Kwa siku kadhaa usimguse, usihamishe jiwe lolote, usimlazimishe chakula. Gamba la zamani liache; mara nyingi hulila ili kurudisha madini. Kama alikuwa amepoteza mguu, sasa utaona mdogo umeota, na utakua kila akijivua tena. Kamba nao wanajivua, tena mara kwa mara, na wenzao wakiwa na njaa watamla yule laini. Ndiyo sababu ya mapango ya ziada.

Kwa Pagurus kuna la kuongeza: tumbo lake ni laini daima, kwa hiyo akikua anahitaji nyumba kubwa zaidi. Weka magamba matupu ya konokono, matatu au manne kwa kila mmoja, yenye mdomo mpana kidogo kuliko la sasa. Yachemshe kwanza na uyapoze. Usichukue gamba lenye konokono hai.

Mambo yakiharibika

*Kaa anapanda hadi juu na kukaa nusu nje ya maji.* Anatafuta oksijeni au anakimbia amonia. Ongeza hewa papo hapo, pima, badilisha maji robo ya tangi.

*Kamba amegeuka mweupe kama maziwa.* Mwili umepata mshtuko wa joto, wa chumvi au wa kukosa hewa. Aliyegeuka mweupe mwili mzima ni nadra kupona. Shughulikia maji kwa ajili ya waliobaki.

*Kamba wote wamekufa usiku mmoja, vipimo vyote ni safi.* Fikiria shaba au dawa ya wadudu. Tia mkaa maalumu wa filta, badilisha maji mengi, na uwaulize wa nyumbani nani alipuliza nini.

*Pagurus ametoka kwenye gamba na kutembea uchi.* Pima maji kwanza, kisha mwekee magamba mawili karibu. Asipoingia, mtenge kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu ndani ya tangi hilo hilo, asije akaliwa.

*Chumvi inapanda kila wiki.* Unajazia maji ya chumvi penye mvuke. Rudi hatua ya 9.

*Mashine ya kupoza haizimi.* Kagua vumbi kwenye matundu yake, uyafyonze. Kisha kagua filta: maji yakipita polepole, mashine haipozi.

*Wimbi la joto limekuja.* Haya yanatokea. Tarehe 19 Julai 2022 Coningsby, Uingereza, kipimo kilifika nyuzi 40.3. Funga mapazia tangu asubuhi, zima taa ya tangi, usilishe, ongeza hewa. Feni ikipuliza juu ya uso wa maji inaweza kushusha nyuzi mbili au tatu, ila mvuke utaongezeka, kwa hiyo jazia maji yasiyo na chumvi. Chupa za barafu zitumie mashine ikiwa imekufa kabisa, moja baada ya nyingine, ukitazama kipimajoto, maana kupanda na kushuka ghafla kunaua pia.

*Umeme umekatika.* Washa pampu ya betri mara moja, funika tangi kwa blanketi ili ubaridi ubaki, ukiacha njia ya hewa. Ukikaa bila umeme saa nyingi, usiiwashe filta moja kwa moja kwenye tangi ukirudi. Maji yaliyolala ndani yake yamekosa hewa na yameoza. Yamwage kwanza.

*Huwezi tena kumfuga.* Kama ameishi na wa ufukwe wake tu, mrudishe ufukwe ule ule, siku ambayo bahari na tangi vina joto linalokaribiana. Kama aliwahi kuchangamana na mnyama wa dukani, au maji ya dukani, asirudi baharini kamwe. Mtafutie mfugaji mwingine. Maji ya tangi lake nayo yamwage kwenye choo, siyo mtaroni wala mtoni.